Faili Lililofungwa Kenyamonta

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya madini Tarime, Mkuu wa Kitengo cha Habari alinionyesha kompyuta iliyofunikwa kitambaa akasema, "Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "huyu ndiye ng'ombe wako. Mchunge." Nikamchunga hadi nilipostaafu.

Rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia machimbo mapya, ilikuwa imepamba moto, na matangazo ya machimbo yalisafiri kwa flashi ndani ya basi. Tangazo likifika Mugumu, limeshapitwa na wakati. Ndipo tukasimika mfumo wa kuendesha tovuti, nami nikapewa sehemu ninayojivunia hadi leo: uhariri wa mbali. Mkaguzi wa machimbo alifungua faili lililo kwenye seva yetu, akaliandika akiwa hukohuko porini. Ili watu wasifutiane kazi, tulifuata kanuni zinazofuatwa dunia nzima: anayehariri faili hulifunga, na wengine hulisoma tu. Mwenye uwezo wa kuvunja kufuli hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Asubuhi moja mwenyekiti wa wachimbaji, kijana wa Singida, alikuja kusubiri tangazo la kufungua duara, yaani shimo la dhahabu, upande wa Kenyamonta. Wenzake walikaa mdomoni mwa shimo, wakingoja awapelekee ruksa. Rasimu ya jana yake ilisema waingie. Lakini mkaguzi alikuwa amelifunga faili, na mtandao wa huko ulikuwa umekatika.

"Vunja kufuli, tutoe ile ya jana," Mkuu akaniambia.

"Mkuu, mwenyewe bado ameshika."

"Ameshika nini na yuko Kenyamonta? Mura, usinitie aibu mbele ya watu!"

"Huenda kuna kitu ameona. Tumsubiri arudi hewani."

Alifura. Niliogopa kweli, maana nilikuwa na watoto wanasoma, lakini sikuligusa. Mchana mtandao ukarudi, kufuli likafunguka, na maneno yakawa mengine: matimba, zile nguzo za kuzuia kuta, yameoza, mtu asiingie.

Mkuu akasoma mara mbili. "Toa hii," akasema. Mwenyekiti akaondoka bila kuaga.

Mvua za wiki ile zilibomoa duara lote. Hakukuwa na mtu ndani.

Sasa nalima Mbalibali. Ninyi vijana mna mifumo yenye kasi kuliko yetu, na wengine mnaniuliza kulinda kufuli la faili ilikuwa kazi gani. Kila sikukuu yule mwenyekiti hunipigia simu. Huanza na shikamoo, kisha huwataja wenzake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, wote wazima.