Mbegu Ikishaingia Majivuni

Kwetu Kalembe, mbegu ya maharagi haiwekwi guniani hivi hivi. Inachanganywa na majivu ya jikoni ili wadudu wasiile, na tangu siku hiyo hakuna mkono unaoruhusiwa kuipeleka chunguni, hata kama nyumbani mnatafuna upepo. Mama yangu alikuwa na neno lake: "Ikishaingia mu majivu, haiko yetu tena. Iko ya Mungu na udongo." Mimi, niliyesoma masomo ya jioni nikiwa na ndevu ndefu kuliko za mwalimu, nilijua sababu ni wadudu tu. Siku niliyopata diploma nilitembea kijijini kifua mbele mpaka vifungo vya shati vikaruka na kutisha kuku.

Kisha vita vikaja, na diploma haikuzuia hata risasi moja. Tukakimbilia Kingi: mimi, mke wangu, mama na watoto. Nilibeba kichwani gunia dogo la mbegu, zito kama kilima, na njia nzima nilijiambia kwamba mikono hii ndiyo itakayowaokoa hawa. Sikumkufuru Mungu. Kanisani nilikuwa naimba kushinda ngoma. Lakini nilikuwa nimemwachia Jumapili tu. Siku nyingine nilizisimamia mwenyewe.

Huko Kingi, papa mmoja, mzee wa kanisa, alituazima kipande cha shamba ubavuni mwa kilima, kilichoinama hadi mbuzi angehitaji breki. Mvua ilikuwa imeshaanza. Asubuhi tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi. Jioni tulikula kumbukumbu ya sombe. Mtoto wetu mdogo akaacha kulia. Nilitamani alie. Mke wangu akalitazama gunia.

"Tuoshe majivu, tupike hata kidogo."

"Hapana. Kesho ninapanda. Kilima chote, mimi peke yangu."

"Jembe utalishika na nini? We mwenyewe uko mifupa."

Mama akaingilia. "Niite bamama ba kanisa, batusaidie?"

"Mama, mimi si kiwete."

"Hakuna mwenye amesema hivyo. Uko tu muntu."

Kesho yake homa ikanikamata. Nilitetemeka hadi kibanda cha majani kikatetemeka nami, na nadhani hata watu wa mbali kule Walikale walijiuliza ardhi ina nini. Nilijaribu kusimama, nikaanguka. Nikalala nikilitazama gunia, huku nje mvua nzuri ya kupandia ikimwagika bure, leo, kesho, na tena. Niliona wazi mwisho wetu: watoto watakufa kando ya mbegu, na mbegu itaoza kando ya mwanaume aliyeapa kuipanda. Sikuwa na sala nzuri. Nilisema tu, "Bwana, haiko yangu." Hata sijui kama nilisema juu ya mbegu, ao watoto, ao mimi mwenyewe.

Mama hakuniuliza tena. Aliwaita, na bamama wakaja na majembe begani. Mmoja akachungulia mlangoni.

"Papa Diplome, leo ulale. Tuone kama maharagi itatuuliza cheti."

"Ikiuliza," mwenzake akasema, "tutaiambia mwenye nacho anatetemeka."

Nilicheka, meno yakigongana. Walipanda kilima chote, na wakatuachia unga kidogo wa muhogo. Mke wangu alisonga bugali, akamwekea mdogo mdomoni. Akameza. Kisha akalia akitaka zaidi, na mimi nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Kalembe, mikono mitupu juu ya tumbo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini maharagi yalipoanza tu kutoa maua, bunduki zikasikika nyuma ya kilima kile kile. Tukafunga mizigo. Nilisimama kidogo ukingoni mwa shamba.

"Nani atavuna?" nilimuuliza mama.

"Mwenye nayo."

"Mwenye nayo nani?"

"Yule yule yalikuwa yake mu majivu. Twende, baba."

Sasa tuko kambini karibu na Sake, upande wa Mubambiro, chini ya turubai. Sijui kama maharagi yale yaliliwa na askari, mbuzi ao mvua. Siku nyingi moyo wangu ni mweusi kama haya mawe ya volkano ninayolalia, wala sitakudanganya kwamba kuna kinachoonekana mbele. Lakini ile homa nyingine, ya kujiona mimi ndiye nguzo ya dunia, haijarudi.

Asubuhi hii nilimkuta mke wangu akichekecha majivu ya jiko letu. Alikuwa ameleta lile gunia kutoka Kingi, tupu.

"Majivu ya nini?" nikamuuliza. "Hatuna mbegu hata moja."

"Mbegu haiko kazi yako," akasema. "We shika tu mudomo wa gunia."

Nikaushika.