Madeni Aliyoyaacha Michel

Godelive alipata habari za madeni siku ya pili ya matanga ya mume wake, waombolezaji wakiwa bado wamejaa uani. Marcellin, mwenye duka la nguo sokoni Bunia, alimwita pembeni ya jiko.

"Mama Tina, pole sana. Lakini Michel alikopa makuta kwangu, pesa mingi. Alisema atarudisha mbele ya Pasaka."

"Makuta ya nini?"

"Ya ndoa ya mutoto wa kaka yake."

Kabla ya jioni, watu wengine wawili walikuwa wamemjia na maneno hayohayo.

Kule kwao Fataki, kabla ya vita, Michel alikuwa na ng'ombe. Akiombwa mchango wa harusi au wa msiba aliuza ndama, akatoa, na jina lake likatajwa mbele ya wengine. Vita vilipofika, mifugo yote ikachukuliwa, nao wakakimbilia Bunia na binti yao Tina. Walipanga nyumba ndogo mtaa wa Mudzipela. Godelive akaanza kuuza maharagi. Michel akapata kazi ya kulinda ghala la mfanyabiashara. Lakini ndugu waliendelea kumwomba kama zamani, naye hakuwahi kukataa. Alikopa kwa huyu amlipe yule, na riba juu yake. Nyumbani alisema mambo ni sawa. Presha ilipomshika alikataa kwenda hospitali, akisema ni uchovu tu, hadi ikamuua. Sasa Godelive alielewa aliogopa nini: wangedaiwa malipo, na mkewe angejua mfuko ni mtupu.

Baada ya matanga, Godelive alianza kulipa wadai kwa pesa ya maharagi. Gunia likaisha, na hakubaki na kitu cha kununulia lingine. Kahindo, anayeuza mafuta ya mawese jirani yake sokoni, alimkuta ameinamia meza.

"Mama Tina, juu ya nini meza iko mutupu?"

Godelive akamweleza yote, akijifuta macho kwa kitenge. Kahindo hakushangaa. Alimpeleka kwenye kikundi chao cha akiba, watu wa soko wanaokutana nyuma ya kanisa kila Alhamisi.

"Makuta ya maharagi haiko ya weye," alimwambia. "Iko ya maharagi, inarudia kununua gunia. Ile inabakia, njo ya weye. Na mu ile ya weye, unaweka kidogo mbele ya kukula, hapana nyuma."

"Na deni?"

"Unaenda kuona kila mutu, unamuambia utaweza ngapi kila mwezi. Ukijificha, watakufuata mpaka ku mulango."

Alikwenda kwa kila mmoja. Marcellin alifuta riba. Mdai mwingine alimtukana kwanza, ndipo akakubali. Kikundi kikamkopesha bei ya gunia moja, bila riba ya kumuua.

Kilichomshinda zaidi kilikuwa kikao cha ukoo. Bruno, mdogo wa Michel, alikuwa anagawa michango ya harusi nyingine.

"Nyumba ya Michel itatoa mbuzi."

"Siko na mbuzi, shemeji. Nitakuja kupika."

"Unatupatisha haya," Bruno akasema. "Kaka yangu hakusemaka vile."

"Ni kweli, hakusemaka. Njo maana deni yake niliisikia kwa watu wengine, yeye akiisha kufa."

Siku ya harusi Godelive alipika tangu alfajiri, na hakuna aliyemwonyesha kiti. Kwa miezi Bruno hakumsalimu. Halafu asubuhi moja akaja sokoni, akanunua maharagi, akasimama tu pale. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kile kikundi kinakutana siku gani.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Wa mwisho kulipwa alikuwa Marcellin. Alipokea pesa, akasita.

"Siku ile ya kukopa, Michel alikuja hapa na kravati ku shingo. Alicheka sana, alisema ng'ombe zake zimezaa. Nilijua ni bongo, anadanganya. Nilimupatia tu."

"Na mimi? Juu ya nini hamukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mama Tina anachoka sana, asijue.'"

Godelive alirudi nyumbani kwa miguu. Tina alikuwa anasonga bugali; alipoona machozi ya mama yake akaacha mwiko.

"Kuko mutu mwingine anatudai?"

"Hapana. Deni imeisha." Godelive akaketi sakafuni, viatu vikiwa bado miguuni. Tangu matanga hakuwa amepata nafasi ya kumlilia mtu. Alikuwa amelilia riba, gunia, kodi ya nyumba. "Leo minalilia baba yako."

Tina akaepua sufuria motoni, akaja kukaa karibu naye.