Blakaranti za Shangazi, Jikoni kwa Mama

Swali lililoninyima usingizi Julai hii ni dogo, hata naona haya kulisema: nimwambie shangazi kwamba mama anataka kung'oa ile miti ya blakaranti, au ninyamaze? Nikimwambia, nimeanzisha vita. Nikinyamaza, nimechagua upande. Nina shahada, sina kazi, nimerudi kukaa kwa mama na baba hapa Handsworth, Birmingham. Mtu wa hali hiyo ana muda mwingi wa kujibizana na dari. Halafu dirisha likiwa wazi, harufu ya majani yake inaingia, kali, inayokaribia mkojo wa paka, nami narudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Kama huzijui, blakaranti ni matunda madogo meusi yanayoning'inia vishada vishada, machachu hata jicho moja hujifumba lenyewe. Zetu ziko nyuma ya nyumba, kando ya ukuta wa matofali. Wakati huo shangazi, dada wa baba, aliishi nasi. Yeye ni wa Rabai, na kwake tunda lolote jeusi lenye uchachu ni ndugu ya zambarau: litiwe chumvi, lianikwe juani, lipikwe achari ya pilipili. Mama ni wa Kisii. Alifanya kazi ya kuhudumia wazee, na kina bibi wa Kizungu huko walimfundisha kupika jemu. Chemsha matunda na maji kidogo kwanza mpaka maganda yalainike; sukari baadaye, maana ukiitanguliza maganda hukakamaa kama shanga. Kisha dondosha tone kwenye kisahani baridi. Likijikunja ukilisukuma kwa kidole, jemu imeiva.

Kila mwaka walichuma siku ileile, kila mtu na ndoo yake, migongo imegeukiana. Mimi nilikaa katikati na uma, nikiyachambua matunda kutoka kwenye vikonyo na kupokea ujumbe.

"Mwambie mamako hiyo sukari itamuua kaka yangu."

"Mwambie shangazi yako kaka yake ana mke."

Mwaka ule wa miaka yangu tisa, kesho yake mama alirudi kutoka kazini akakuta mavuno yote, hata ya ndoo yake, yametandazwa kwenye sinia na kunyunyiziwa chumvi, yakisubiri jua. Jua la Birmingham! Shangazi alikuwa amelingoja tangu asubuhi, mvua ikanyesha, akaona heri ayahamishie sebuleni, juu ya hita, na akaiwasha mpaka mwisho. Mwezi wa saba. Madirisha yalikuwa yanatoka jasho, na nyumba nzima inanuka kama pombe iliyochacha. Baba alianza kutafuta funguo za gari alizokuwa amezishika mkononi.

"Wifi," mama alisema polepole, "hii ni nyumba ya nani?"

"Uliza vizuri. Uliza ni nani aliyepanda hiyo miti, wewe ukiwa bado Kisii unaombewa viza."

Mama alibeba sinia moja baada ya nyingine akamwaga kila kitu kwenye pipa la taka. Shangazi alisimama akitazama, hakumzuia. Wiki hiyohiyo akahamia Lozells, hapo tu kwa basi, na hakukanyaga kwetu tena.

Kwa miaka niliamini walikosana kwa ajili ya chumvi na sukari. Nilikula mkate wa jemu kwa hofu, nikidhani nikiufurahia sana nimemsaliti mtu. Niliporudi kutoka chuo kikuu nikakuta kitanda changu kimesukumwa ukutani kupisha cherehani ya mama, nilikasirika kupita kiasi, na katika hasira hiyo nikaelewa. Shangazi ndiye aliyeanza maisha na baba katika nyumba hii, akilala chumba kikubwa, mpaka mke alipofika, yeye akahamishiwa kile kidogo. Mama naye aliletwa kwenye jiko ambalo kila sufuria ilikuwa na mwenyewe. Wote wawili walikuwa na haki, na mtu kama mimi hilo halimsaidii kulala.

Jumamosi iliyopita niliacha kupima nimwambie au ninyamaze. Mama alikuwa anapiga pasi.

"Shangazi anakuja kuchuma. Naenda kumchukua."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

Akasimamisha pasi. "Jikoni kwangu haingii."

"Atapikia nje, kwenye jiko la makaa."

"Na akitoka tu, nang'oa."

Nilitoka kabla sijaanza kufikiri. Huko Lozells shangazi alifungua mlango, akaniangalia toka juu mpaka chini.

"Amekufa?"

"Hapana. Anang'oa miti yako."

Alichukua koti na kufunga mlango kwa kishindo.

"Twende. Na umwambie asinisalimie."

Nikamshika mkono, tukaelekea kituo cha basi.