Tone la Rangi Nyekundu

Waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote, mwanangu Kemunto, hata walivyokaa. Kaka yangu Nyakundi, mpiga gitaa, alisimama mlangoni. Ombati wa Kiogoro, mtoto wa shangazi yetu Kwamboka, yeye wa kupiga dramu, alikalia kreti ya soda. Fundi Jayanti alikuwa mezani kwake, katika duka lake la kutengeneza redio hapo mjini Kisii, nyuma ya wauza nguo. Na mimi Moraa, msichana wa kuishia darasa la tatu, nilijibana pembeni.

Nilijibana kwa sababu nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Na tangu uliponiambia jana kwa simu juu ya ile pedali ya watu iliyo mezani kwako, wewe uliye fundi sasa, siku ile imenirudia.

Nyakundi alikuwa na pedali ya gitaa, kisanduku cha chuma cha kukanyaga kwa mguu. Ukikikanyaga, sauti inazunguka kama maji ya mto penye mawe. Jayanti alikuwa ameibadilisha kidogo ndani. Aligeuza skrubu moja ndogo kuliko punje ya mahindi, anageuza, anasikiliza, anageuza tena, mpaka ikalia alivyotaka. Kisha akaidondoshea tone la rangi nyekundu ya kucha ili isisogee.

Sasa kwetu, kitu kikitoka nyumbani kwenda harusini lazima king'ae. Mama alikuwa anasugua hata sufuria ya kuazimwa, nje na ndani, watu wasije wakasema. Harusi ilikuwa Ikonge, Jumapili. Ijumaa nikaichukua ile pedali, nikaifungua kwa ncha ya kisu, nikapangusa vumbi. Nikaona tone jekundu. Nikasema, hawa vijana na uchafu wao! Nikalikwangua. Skrubu ya chini yake ikawa inacheza, nami skrubu inayocheza naijua: mlango wa jikoni, cherehani ya mama, zote nilikuwa nakaza mimi. Nikaikaza mpaka mwisho.

Nyakundi alipoijaribu jioni ile, akanyage asikanyage, sauti ni ile ile, haizunguki. Na siku iliyotangulia Ombati alikuwa ameanguka na baiskeli akiwa ameibeba hiyo pedali. Basi Jumamosi tukawa kwa fundi, na kosa limeshapata mwenyewe.

"Wewe ndiye umeiua," Nyakundi alimwambia.

"Nilianguka mimi, pedali haikuanguka! Niliiinua juu hivi. Uliza goti langu."

"Goti lako ndilo litapiga gitaa Ikonge? Kesho usije. Tutatafuta mtu mwingine."

Mwanangu, hapo ndipo mdomo wangu ulipaswa kufunguka. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini nilijiambia, ngoja kwanza, pengine fundi ataiponya bila mimi kusema. Nikangoja.

Jayanti, kwa kuwa aliambiwa imeanguka, alitafuta kilichovunjika. Akashika chuma cha kulehemu, akaanza kuchomoa transista moja ya zamani, ya aina ambayo hata wakati ule ilikuwa haipatikani tena. Mguu wake, kile kiwaya chake chembamba, ukakatika. Nilisikia kabisa: tik. Akainamia ya pili. Ndipo akaona.

"Nani amekwangua rangi yangu?"

Nikasema, "Ni mimi, Fundi. Nilidhani ni uchafu. Na skrubu nikaikaza."

Akaweka chuma chini. Afadhali angepiga kelele.

"Binti, kukaza si neno. Skrubu ningeirudisha kabla chai yangu haijapoa. Lakini umenitazama nikimkata mguu mgonjwa anayeumwa jino."

Nikageuka nimtazame Ombati. Kreti ilikuwa tupu.

Jayanti alitia transista nyingine, na sauti ikarudi, lakini ikikwaruza kama mtu mwenye mafua. Harusi ilichezwa bila Ombati. Jumatatu tukaenda Kiogoro, mimi na Nyakundi, kuomba radhi. Shangazi Kwamboka akatupikia ndizi, tukala, Ombati akasema yameisha, na kweli yaliisha. Ila kwenye dramu za Nyakundi hakukaa tena maisha yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa wewe. Umeniambia waya ulikatika mkononi mwako ulipokuwa unaibadilisha, na mwenye pedali, huko Nakuru, anadhani iligongwa ndani ya gari la mizigo lililoileta, na wewe umenyamaza. Unangoja nini? Aende akamgombeze dereva? Aipeleke kwa fundi mwingine akatafute jeraha mahali ambapo halipo? Mpigie leo. Mwambie: ni mimi, nilishika hapa, nikafanya hivi. Na kuanzia sasa, usilolijua usilikwangue, uliza. Na uliloligusa litaje kabla hujaulizwa. Mkono wa fundi unakosea kila siku na unasamehewa. Unaoharibu kazi ni mdomo uliofungwa.

Mungu aitulize mikono yako, aufungue mdomo wako, na kila kinacholetwa mezani kwako kikiwa bubu kirudi kwao kikiimba.

Na nyinyi wengine wa nyumbani mtakaosoma haya, kama nimekosea jina au siku, nisahihisheni, umri umeenda. Ombati bado yuko Kiogoro, mwulizeni. Pengine atasema haikuwa kreti, ilikuwa kigoda. Nitakubali. Lakini ile tik niliisikia.