Mikono ya Nili Siku ya Kura

Jirani yangu Niña Tránsito ana mikono ya buluu. Akikamua ng'ombe, maziwa yanatoka rangi ya anga. Asiyeamini aje ayanywe. Kazi yake ni kutia nguo nili hapa mjini Suchitoto, na pipa la nili ni kama kichanga: usipolikoroga alfajiri na jioni, linakufa. Basi hata siku ya kumchagua rais alilikoroga kwanza, ndipo akavaa viatu vya kanisani tukaenda.

Zamani za vita alipiga kura huku askari akimchungulia begani. Tangu amani ije, hakosi kura yake ya siri, hata akiwa na homa.

Kituoni mwenyekiti alikuwa Wilfredo, muuza dawa. Huku ukishapiga kura unachovywa kidole katika wino usiofutika, naye akaviona vidole.

"Mama mkubwa, wewe umeshapiga. Rudi nyumbani."

"Nimepiga wapi, ndotoni?"

"Vidole vinasema."

"Vyote kumi? Basi nilipiga mara kumi, wewe unakoroma!"

Foleni ikaangua kicheko. Wilfredo akafungua daftari: kweli, hajasaini. Akajikuna kichwa. "Lakini nikikuchovya wino, utaonekana wapi? Kavioshe."

Mawakala wa vyama viwili wakaunga mkono. Hao hawajawahi kukubaliana hata kwamba mvua inanyesha.

Tukakimbilia bombani. Ndimu, majivu, mchanga, jiwe la kusugulia visigino! Alisugua kutwa mpaka bata waliooga kwenye mfereji wa maji yale wakatoka kama tausi. Mikono, vilevile. Kituo kinafungwa saa kumi na moja, na kila nikimwambia "tulia," mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikizunguka kama kuku anayetaka kutaga.

Tukarudi mbio, mlinzi keshashika mlango. Niña Tránsito akampita chini ya kwapa, akavua kiatu, akabwaga mguu mezani.

"Chovya hiki."

"Mama mkubwa, sheria inasema kidole."

"Na hiki ni nini, muhogo?"

Mawakala wakainama. Mmoja akakinusa, akajuta. Sheria haikusema kidole cha wapi.

Akapewa karatasi. Akatazama bega la kulia, la kushoto, hakuna mtu. Akapiga. Kisha kidole gumba cha mguu kikazama kwenye wino.

Akarudi akichechemea, kiatu mkononi kisichafuke, mawakala nyuma yake.

"Mama, kura umempa nani?"

"Kiulizeni kidole," akasema bila kugeuka. "Kinatangulia nyumbani."

Wakamfuata hadi mlangoni. Pipa lilihitaji kukorogwa, akawafungia nje.