Siku Kumi za Lazhar Chini ya Mtende

Siku Mongi alipomwona Lazhar kwa mara ya kwanza, aliona nyayo tu. Zilikuwa nyayo pana, ngumu kama soli, zikipanda bila kamba mtende uliouzidi mnara wa msikiti. Kisha sauti ikashuka kutoka juu.

"Wewe uliyeachama huko chini! Funga kinywa, nisije nikakudondoshea chavua ukazaa tende!"

Mongi alicheka kwa aibu. Alikuwa ametoka kwenye migodi ya fosfeti, hana kazi, na maneno kwake yalitoka kwa kuhesabu. Lazhar akamchukua amsaidie katika shamba la mitende la Bi Salha, hapo kwenye oasisi ya Tozeur, nao wakafanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Mongi alikwea mitende mifupi. Ile mirefu thelathini, iliyobeba karibu mavuno yote, ilikuwa ya Lazhar peke yake.

"Mwingine ataipanda mkishanifukia," alikuwa akisema, na hakuwa anatania.

Mtende jike hauzai hivi hivi. Karara, ile ala inayofunika maua, likipasuka, sharti mtu apande juu, achomeke vishada viwili vitatu vya maua ya dume katikati ya maua ya jike, afunge kwa ukuti, aseme bismillahi. Akichelewa siku kumi, basi tena. Mtende utazaa vijitende visivyo na kokwa, ambavyo hata mbuzi huvitafuna kwa kununa.

Mwaka ule joto liliyapasua makarara yote kwa pamoja. Maua ya dume yalikwisha kuning'inizwa bandani, yako tayari.

"Leo upepo mkali," alisema Lazhar siku ya kwanza, na majani yalikuwa yametulia. Siku ya pili alinoa mundu. Siku ya tatu akaunoa tena. Siku ya nne alizibua mfereji wa maji ambao haukuwa umeziba.

Siku ya tano Bi Salha alikuja mwenyewe, fimbo mkononi.

"Lazhar! Makarara yamepasuka, wewe unachezea tope?"

"Kesho, Bibi. Mungu akipenda."

"Mungu amekwishapenda tangu Jumatatu! Jirani kamaliza shamba lake zima. Hiyo kesho yako haina asubuhi?" Akapiga fimbo chini. "Nisikilize vizuri. Mavuno yakiharibika, utafute shamba lingine."

"Kesho alfajiri. Nisipopanda, niite mbwa."

"Mbwa nitamwonea," alisema Bi Salha, akaondoka.

Mongi alijua sababu. Wakati wa mavuno yaliyopita alikuwa chini ya mtende mguu wa Lazhar ulipoteleza, akaning'inia kwa mkono mmoja, kimya, kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini. Aliposhuka alisema dunia ilikuwa inazunguka. Kisha akasema chai ilipungua sukari. Hawakulizungumza tena.

"Nipande mimi." Ni maneno mawili tu. Mongi aliyabeba siku ya tano, akayabeba siku ya sita. Kila akitaka kuyatoa alimwona akilini yule bwana wa mitende akiinamisha uso mbele yake, naye akayameza. Acha kwanza anywe chai, alijiambia. Acha apumzike. Nitamwambia kesho.

Alfajiri ya siku ya nane alimkuta Lazhar ameukumbatia mtende, mguu mmoja kwenye kikato cha kwanza cha kuti lililokatwa, paji la uso limegandamana na gome. Hakuwa amepanda hata shubiri.

"Nibebe, mama," alikuwa akiunong'oneza mti. "Nibebe mara hii tu."

Mongi alirudi nyuma kwa ncha za vidole, akaenda kuwafunga mbuzi ambao tayari walikuwa wamefungwa.

Siku ya kumi na moja ndipo alipotamka. "Nipande mimi, kaka."

Lazhar hakumtazama. Alimkabidhi mundu, akaketi akiupa mtende mgongo.

Mongi aliipanda yote thelathini kwa siku mbili, akilia huko juu mahali pasipo na mtu wa kumwona. Maua ya jike yalivunjika mkononi mwake kama majani makavu ya chai. Akachomeka hivyo hivyo, akafunga, akasema bismillahi.

Oktoba mashada yalishuka mepesi. Bi Salha alikitafuna kijitende kimoja, akakitema. Hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Mongi.

"Lazhar, Mungu akufungulie kwingine," alisema. Akamgeukia Mongi. "Ufunguo wa banda ukae kwako."

Lazhar alibeba blanketi lake na birika. Mongi alimfuata hadi langoni, ufunguo ukimchoma kiganjani. Alitaka kuomba radhi.

"Nitakuja kwako kesho," ndiyo maneno aliyoyapata.

Lazhar akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia jina la rafiki wa zamani.

"Ulijua, Mongi. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekutukana. Siku ya pili ningekupa mundu."