Umri na Makazi

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu Tarafa hakunionyesha ofisi. Alinipeleka moja kwa moja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, huko Ziba, nami mtendaji mpya wa kijiji nimepiga pasi suruali kama bwana harusi.

"Mtendaji," akaniambia, "kazi yako ni kuandika muhtasari. Anayetaka kusema, uliza mambo mawili tu: umri na makazi. Ni mtu mzima? Anaishi hapa? Basi, apewe nafasi."

Shuleni nilisoma kwamba Wagiriki wa Athene walikutana mlimani, wakaamua mambo yao wenyewe kwa kunyoosha mikono. Nilidhani hayo yalikwisha kale, maana siku hizi tunamchagua mbunge, akatusemee. Kumbe kijijini watu walikuwa bado wanakaa na kujiamulia, na akidi isipotimia, yaani watu wasipotosha, hakuna uamuzi. Mwili ulinisisimka.

Miaka ikapita. Halmashauri ya kijiji, wale wachache tuliowachagua, ikakubali kumpa mfanyabiashara wa mpunga eneo la lambo letu kule bondeni. Ikabaki mkutano mkuu uridhie. Ng'ombe wangenywa wapi? Bi Mwamvua, mfinyanzi wa vyungu, akasimama kupinga. Mzee mmoja wa halmashauri akamkatiza.

"Kaa chini, mama. Asili yako si hapa."

"Kweli, baba," akajibu bila kukaa. "Bibi yangu alipita hapa na msafara wa pembe, mnyororo shingoni. Alipougua wakamtupa njiani. Wazee wenu wakamnywesha maji ya bonde hilohilo. Leo mnayagawa?"

Mwenyekiti akanigeukia. Nilisimama.

"Sheria inauliza umri na makazi," nikasema. "Asili haiulizi."

Kura ilipoitishwa, mikono ya kukataa ikapanda, mingi. Wa yule mzee ulipanda mwisho, taratibu, naye akitazama chini. Lambo likabaki letu, na hadi leo nikilikumbuka tukio lile nastaajabu.

Sasa nimestaafu, naishi Mtendeni. Juzi mjukuu wangu alikuwa akisoma somo la uraia kwa sauti, kwamba Wagiriki ndio walioanzisha demokrasia. Nikamwambia ni kweli, na nawavulia kofia. Ila kwao Bi Mwamvua asingefungua mdomo: mwanamke, mgeni, mjukuu wa mtumwa.

"Na kwenu, babu?"

"Kwetu alinyoosha mkono," nikamjibu, "nami nikauhesabu."